Nashukuru Imeandikwa Mbili

Kanyiva alikuwa amepika katika shule moja ya mtaa wa Mountain View, Nairobi, kwa miaka kumi na minane, akiinua sufuria za githeri ambazo wanaume wawili huzibeba kwa taabu, mpaka mgongo ukakataa. Shule ikamtuma Kilimani, kwa daktari wa kunyoosha uti wa mgongo aitwaye Njuguna. Miezi mitatu alitoka Uthiru kila Jumanne, akalazwa kifudifudi, akabinywa mpaka mifupa ikalia, na akarudi nyumbani bado akifungwa viatu na bintiye.

Jumanne hii Njuguna alikuwa amechangamka. Alimgeuzia kompyuta akamwonyesha mstari ulioshuka kutoka saba hadi mbili. Sifuri ni kutokuwa na maumivu, alieleza, na kumi ni yale yasiyovumilika. Kliniki yake haibahatishi, inapima. Barua ya kupelekwa shuleni ilikuwa tayari: amepona, Jumatatu arudi jikoni.

Hasira zilimpanda Kanyiva. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi tangu wiki iliyopita. Sufuria moja tu ya maji moto, na angeanguka nayo. Aliuliza, akijizuia, nani alisema mbili.

"Ni wewe, Mum. Kila wiki."

Wiki gani? Tangu siku ya kwanza hakuna aliyemtajia namba yoyote. Njuguna akamwita Hannah wa mapokezi, naye akaeleza bila wasiwasi. Fomu ya kupima maumivu ina maswali kumi na foleni ni ndefu, kwa hivyo yeye huwauliza wagonjwa "uko aje?" wanapoingia, kisha anajaza mwenyewe. Anayesema tunasukuma tu humwandikia tano. Kanyiva siku ya kwanza aliingia amejikunja, akaandikiwa saba; tangu hapo kila mara husema nashukuru Mungu, na mtu anayeshukuru hawezi kuandikiwa nane.

Yaani salamu! Mwanamke amelelewa asiwamwagie watu shida zake mlangoni, na adabu yake ndiyo imegeuzwa kipimo cha mgongo. Angejibu nini, na watu sita wameketi pale wakisikiliza?

"Hiyo ni salamu," Kanyiva alisema. "Hata nikiwa matangani nitasema nashukuru. Nipatie hiyo karatasi."

Njuguna alisema wangerekebisha wiki ijayo. Kanyiva hakusogea. Alipopewa fomu aliijaza akiwa amesimama, maana kuketi kulimuumiza. Unaweza kuvaa viatu bila msaada? Hapana. Maumivu hukuamsha usingizini? Kila siku. Aliandika kwa ghadhabu hata kalamu ikatoboa karatasi, na penye namba akaandika nane.

Njuguna aliisoma mara mbili. Ndipo akauliza kuhusu mguu, swali la kwanza la maana kwa miezi mitatu. Akaugonga kwa nyundo yake ndogo na haukuruka. Alichana barua ya shule, akaandika nyingine ya kumpeleka hospitali akapigwe picha ya mgongo leo hii.

"Na hao wengine huko nje?" Kanyiva aliuliza.

Daktari aligonga mhuri kwenye barua akamkabidhi. Basi Kanyiva akatoka akiburuta mguu, akasimama katikati ya chumba cha kungojea, akawaambia wote wadai fomu zao wazijaze kwa mikono yao.

Mzee Mbaluka, aliyekuwa ameegemea ukuta, aliuliza ni fomu gani hiyo. Alikuwa amekuja hapo mwaka mzima na hakuwahi kuiona.