Sindano kwenye Godoro

Mwaka 1974, katika kituo kimoja cha afya Koboko, Uganda, daftari la ajali lilikuwa jeupe pe. Nasuru, mganga wa kituo, alilionea fahari. Ajali itoke wapi, mahali ambapo anayeripoti anaitwa mzembe mbele ya wagonjwa?

Drateru ndiye aliyetandika vitanda na kuchemsha sindano, na tabia ya bwana mganga aliijua. Akishamdunga mgonjwa, huichomeka sindano kimshazari kwenye godoro, ncha ikatokeza juu, ili mikono yake mitukufu ipate nafasi ya kuandika. Akimaliza kuandika, keshasahau. Mtandikaji ataikuta kwa vidole. Vidole si ndiyo kazi yake?

Asiku, mtandikaji mwenzake Drateru, ndiye aliyeikuta kwanza. Miezi miwili baadaye macho yake yakawa manjano kama bizari, tumbo likajaa maji, akarudishwa kwao Aroi na huko akazikwa. Kwenye faili Nasuru akaandika malaria. Drateru alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akarudi kazini, maana vitanda havijitandiki. Sasa alikuwa na mimba ya miezi mitano, na kila shuka alilishika kwa hofu.

Akatafuta mkebe wa maziwa ya unga, akatoboa kifuniko, akauweka kando ya kitanda. Sindano ikishatumika idumbukizwe humo, basi. Nasuru akaupiga teke.

"Hii takataka iko ya nini? Leo mukubwa ya afya anakuja kutoka Arua. Anataka kuona hospitali, hataki kuona duka!"

"Daktari, sindano iko nachoma sisi."

"Basi fungua macho, mama."

Ushauri wa bure, na wa kitaalamu kabisa.

Gari la mkubwa lilipolia nje, Nasuru alikuwa ndiyo kwanza amemdunga mgonjwa wa mwisho na kuichomeka sindano palepale godoroni. Akamwinua mgonjwa haraka, akavuta shuka mwenyewe, akalinyoosha vizuri juu ya sindano yake. Drateru aliona. Akafungua mdomo, Nasuru akamkata jicho, akaufunga.

Mkubwa alisifu weupe wa shuka. Akalibonyeza godoro kwa kiganja aone kama ni laini.

Halikuwa laini.

"Hii sindano ilichoma nani kabla yangu?" akauliza, huku damu ikimtoka. Nasuru akasema hajui. Lakini ajabu, kabla chai haijapoa kila kitanda kilikuwa na mkebe, na kalamu ya daftari la ajali nayo ikapatikana. Nasuru akainama aandike jina la mkubwa.

Drateru akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Mustari ya kwanza iko ya Asiku. Alichomwa na sindano ya godoro, kama wewe, mzee."

Mkubwa akamtazama, kiganja chake bado amekishikilia.

"Huyo Asiku sasa iko wapi?"

"Iko Aroi, mzee. Tulimuzika."