Mashine Imefungwa kwa Mchina

Wazee wa usharika ndio walioiharibu ile laptopu, na hilo nitalisema hata mbele ya askofu. Wajerumani walituletea kule mlimani iwe ya kazi za kanisa. Wao wakajifungia nayo ofisini wakawa wanatazama filamu. Leo ya Mmarekani, kesho ya Mhindi, keshokutwa ya Wachina wanaorukiana mateke. Kila wakiweka diski ngeni mashine inawauliza jambo kwa Kiingereza, nao, kwa kuwa ni watu wakubwa na hawataki kuonekana hawajui, wanabonyeza ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka mashine ikaacha kuuliza.

Halafu ikaja diski yangu. Ilitumwa kanisani, lakini ni yangu. Mwaka tisini na tatu Wajerumani walikuja kupiga picha za ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, wakamhoji mke wangu Esta akiwa ameshika jembe. Filamu ikauzwa kwao huko. Nakala wamekumbuka kutuletea mwaka huu wa 2006. Esta alishafariki tisini na tano, wakati serikali imetangaza kila mtu achangie matibabu yake. Hospitalini nikaambiwa nikanunue dawa nje, dripu nje, glavu nje. Niliporudi na glavu nikakuta hazina kazi. Waliotunga utaratibu ule wao wanatibiwa ng'ambo.

Picha yake ninayo moja, ya kipaimara, midomo imefumbwa. Nilichokuwa nakitaka ni sauti. Ilikuwa imeanza kunitoka. Nikiitafuta kichwani inakuja ya dada yake.

Laptopu ikaikataa diski. Deki ya baa moja Hedaru ikaikataa. Mwinjilisti Tumainieli, anayekaa na ufunguo wa ofisi, akaniambia nimwachie Mungu. Nikamwambia yeye aniachie laptopu. Nikateremka nayo Same.

Pale nyuma ya stendi kuna fundi wa kompyuta, binti wa Kitanga anaitwa Mwanahalima. Baba yake alikuja huku kukata mkonge, mashamba yakafa, wakabaki.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sikuja kusalimiana."

"Haya, basi nunia hapo kwenye kreti."

Akaifungua, akabonyezabonyeza, akacheka peke yake.

"Baba, dunia wameikata mafungu. Diski ya Ulaya ina fungu lake, ya Mchina lake. Mashine inakuruhusu kuhama mara tano, basi. Wenzio wamezimaliza zote. Hapa imefungwa kwa Mchina."

"Nani kaifunga?"

"Wenye viwanda na wenye filamu zao."

"Si walituambia soko huria? Mashirika yetu wakauza, wakasema sasa kila mtu anunue anakotaka. Kumbe wenyewe wameweka makufuli?"

"Mimi sikuwepo kwenye kikao, baba."

Akanionyesha pembeni ya mashine, pale diski inapoingilia. Akasema humo ndani mna programu ndogo ya kisoma diski chenyewe, si ya kompyuta, na ndiyo inayoshika hesabu ya kuhama. Akiiflashi, yaani akiifuta na kuweka nyingine isiyojua habari za mafungu, itasoma diski zote. Hiyo nyingine alishaipata kwenye mtandao.

"Weka."

"Ngoja kwanza. Umeme ukikatika katikati, kisoma diski kinakufa. Hakifufuki. Na betri ya hii laptopu haishiki."

"Mgawo wa leo si mpaka jioni?"

Akanyosha kidole juu. Taa juu yetu ilififia, ikarudi, ikafifia tena. Huko nje chuma kilikuwa kinalia.

"Yule hapo," akasema. "Kurwa. Akichomelea, laini nzima inayumba. Nimemwomba, anasema kazi ni ya mkubwa."

Aliposema mkubwa nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Kurwa alikuwa ameinamia geti refu lililolazwa chini, amevaa miwani nyeusi. Nikaenda nikalikalia.

"Mzee! Chuma cha moto hicho!"

"Najua. Nimekikalia."

"Toka bwana, ni geti la diwani, analitaka leo."

"Anamwogopa nani?"

"Mimi najua? Mimi nachomelea."

"Basi leo alale mlango wazi kama sisi tuliomchagua."

Watu wa vibanda wakacheka. Kurwa hakucheka. Akasema atanichomelea na suruali yangu humo humo, diwani akifungua geti anikute. Nikamwambia achomelee. Nikageuka nikapiga kelele, "Mwanahalima! Weka!"

Sijui kama umewahi kukaa juu ya chuma cha moto huku unaangalia mgongo wa binti aliyeinamia mashine yako. Nilitamani kusimama, nikajizuia. Kurwa akainua fimbo yake ya kuchomelea, akaishusha, akaniuliza mle ndani kuna nini.

"Kuna mke wangu."

"Anatengenezwa?"

"Anafunguliwa."

Akavua miwani yake nyeusi. Kisha akaenda mwenyewe ukutani akazima swichi, akakaa upande wa pili wa geti, akaanza kumsema diwani. Hata sikumsikiliza. Binti hakuwa anagusa kitu, mikono ameibana makwapani, na hilo lilinitisha zaidi.

"Baba, njoo!"

Diski ikaingia, ikanguruma. Ikaja milima yetu, ikaja ndiva imejaa, maji ya miaka ile. Kurwa alikuwa amesimama nyuma yangu ananipumulia shingoni. Na mara Esta. Kilemba cha kijani, jembe begani. Akafungua mdomo, akasema kwa Kipare, "Maji haya..."

Likaingia dume la Kijerumani. Sauti nzito, mbele ya sauti yake, linawatafsiria wenzake. Esta anaendelea kutikisa mkono, anaendelea kucheka, na mimi namsikia Mjerumani.

"Mtoe huyu mwanamume."

"Hatoki, baba. Wamewarekodi pamoja."

"Umevunja kufuli la wenye viwanda, unashindwa na mtu mmoja?"

"Kufuli lilikuwa kwenye mashine. Huyu yumo kwenye diski."

Kurwa akasema taratibu, "Kwani mama alikuwa anasema nini?"

Sijui. Siku hiyo nilikuwa Makanya kwenye machimbo ya jasi. Kama walimuuliza ya maji, watu wa kata hawakupona ulimi wake. Niliitazama midomo yake, ikanishinda.

Mwanahalima akasogea. Akaushika mkono wangu, akakiweka kidole changu cha shahada kwenye kitufe. "Hiki kinarudisha. Kile kinasimamisha."

Nikarudisha. "Maji haya..." na dume likaingia. Nikarudisha. Mara ya kwanza nilichelewa, na ya pili. Kurwa akawa ananiambia, "Sasa, mzee, sasa!" kama yuko mpirani. Nikamwambia anyamaze.

"Maji haya..."

Nikasimamisha. Mjerumani hajafumbua mdomo.

Nikarudisha tena.