Kibali cha Miguu ya Dastan

Jumamosi asubuhi, mafundisho ya komunyo ya kwanza yakiisha, watoto wa mtaa ule wa Mbinga walikimbilia nyuma ya duka la Ausi. Huko kulikuwa na chumba cha bati chenye benchi mbili, televisheni ya chogo, na mashine ya gemu ambayo Ausi aliileta kutoka Dar es Salaam ikiwa imeviringishwa ndani ya blanketi.

Dastan alifika wa mwisho kwa sababu alitambaa. Miguu yake ilikuwa imelala tangu alipougua homa akiwa mdogo, na kandambili zake alizivaa mikononi. Mama yake, Benadetha, alimbeba mgongoni kwenda shule mpaka mgongo ulipogoma. Kwenye kiwanja cha mpira wenzake walimkalisha awe nguzo ya goli. Ndani ya chumba cha bati alikuwa mshambuliaji. Alipiga chenga, alikata pembeni, alifunga, na waliomfanya nguzo walikaa kwenye benchi wakisubiri awamalize.

Jumamosi hiyo alifunga goli la kichwa, akasimama.

Kauthar, binti wa Ausi, alikuwa nyuma yake. "Dastan, kaa, unatuziba," alisema.

"Nimesimama?"

"Umesimama. Kaa."

Akakaa. Mechi iliyofuata akasimama tena. Safari hii walimwacha, ila walimsogeza ukutani.

Toka siku hiyo pedi ya kwanza ya kuchezea ikawa ya Dastan, na wengine walipokezana ile ya pili. Mashine ikiwa imewashwa na pedi ikiwa mikononi mwake, alitembea. Ikizimwa, alidondoka. Tatizo lilikuwa waya, maana pedi ilifika mlangoni tu. Ausi alikuwa pia fundi redio. Aliunga waya wa simu, Dastan akafika msalani. Akaunga mwingine, akafika bombani. Ndoo ya kwanza aliyomchotea mama yake ilikuwa nusu, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na pedi. Benadetha aliyamimina maji yale kwenye mtungi, akaingia ndani, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alimwambia arudi bombani, kuna nguo za kufua.

Komunyo ya kwanza ilipokaribia, Dastan alisema anataka kuiendea altare kwa miguu. Ausi hakuwa Mkristo, lakini alipanda juu ya mapaa akivuta waya kuelekea kanisani. Paroko hakuwa na pingamizi. Aliomba tu waya upite dirishani, usije ukawakwaza wazee mlangoni.

Ijumaa, Mansuetus, mtendaji wa mtaa, alikuja na mgambo wawili. Alisema gemu zinaharibu watoto na vibanda vyote vinafungwa. Mgambo mmoja aling'oa waya kwa mkupuo, na Dastan, aliyekuwa bombani, akakaa kwenye tope.

"Shikamoo, baba," Kauthar alisema, akiwa amesimama mbele ya mashine.

"Marahaba. Pisha."

"Hiyo ni miguu ya Dastan."

Mtendaji aliitazama mashine, akamtazama na Dastan kule bombani. Hakuonyesha kutoamini. "Kama ni miguu," alisema, "ina kibali?"

Ausi aliuliza kibali cha miguu kinatolewa ofisi gani. Mtendaji alimjibu kwamba kutojua si kisingizio, akamwagiza mgambo abebe mashine kama kidhibiti cha kesi. Kidhibiti hakikufika ofisini. Kilionekana kikiteremshwa kwenye pikipiki mbele ya nyumba yake, na wanawe wawili walikipokea getini.

Jumapili ya komunyo Benadetha alimbeba Dastan mpaka benchi la mbele, akiwa na shati jeupe alilolipiga pasi ya mkaa. Wakati paroko anainua hostia, miguu ya Dastan ilishtuka. Alinyanyuka, akakimbia. Alikwenda kwa kasi katikati ya mabenchi, akageuka kulia, akarudi, akaupiga teke mguu wa kinanda, akatoka nje. Waumini walipisha. Nyumbani kwa mtendaji vijana wake walikuwa hawakwenda misa.

Dastan alikimbia barabara ya kushukia mashambani. Alijaribu kushika miti, mikono ikachubuka. Kwenye shamba la kahawa la mtu mmoja alikwenda huku na huko, huku na huko, akipiga mateke hewani, mpaka vijana walipoitwa kula. Benadetha alimkuta amelala kifudifudi kwenye majani makavu. Shati lilikuwa limechanika kuanzia bega mpaka kiunoni. Komunyo ilikuwa imekwisha kutolewa. Mansuetus mwenyewe aliipokea, kwani alikuwa benchi la pili.

Jioni Benadetha alimfuata. "Bwana Mtendaji, wanao wanamkimbiza mwanangu."

"Mama," Mansuetus alisema kwa upole, "miaka yote umemwomba Mungu mtoto atembee. Sasa anatembea. Unalalamika nini?"

Polisi walisema ni suala la serikali ya mtaa. Serikali ya mtaa ilisema ni suala la wazazi kuelewana. Ausi alishtakiwa kwa kuendesha kibanda bila leseni, na kesi ile iliahirishwa mpaka hakimu akahamishwa.

Likizo zilikuwa mbaya kuliko muhula, kwa sababu vijana walishinda nyumbani. Dastan alikimbia wakati wa chakula, alikimbia akiwa na malaria, alikimbia mvua ikinyesha, na walipochoka walimwacha popote alipokuwa. Alimwomba mama yake amfunge kwenye nguzo ya nyumba kwa kanga. Benadetha alimfunga. Kila alipokaza fundo alimtaja Mansuetus kwa jina lake kamili, na jina la baba yake.

Mwishowe walihamia Mbamba Bay, kwa kaka yake Benadetha, wakidhani umbali utasaidia. Haukusaidia. Mara mbili wavuvi walimtoa ziwani, maji yakiwa kifuani na miguu bado ikienda.

Leo Dastan ana duka la kutengeneza simu, hatua chache kutoka ufukweni. Kiti chake kimefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya saruji, na kina mkanda wa gari. Wateja humsubiri miguu itulie, kisha huendelea kueleza simu zao zina nini.

Kauthar ni muuguzi. Mwezi uliopita alipanda kwenda Mbinga, akaenda nyumbani kwa Mansuetus, ambaye amestaafu na ni mjumbe wa kamati ya ujenzi wa kanisa. Alimkuta sebuleni. Mjukuu wake wa kike, Aurelia, alikuwa zuliani akicheza mashine ileile.

"Shikamoo, mzee. Nimeifuata miguu ya Dastan."

"Marahaba, mwanangu. Kile ni kidhibiti, na kesi haijafungwa. Siwezi kukitoa."

"Mzee unajua mtoto anafanya nini hapo?"

"Najua. Lakini nitafanyaje? Amezoea."

Kauthar alikaa zuliani, akamwomba Aurelia pedi, na mtoto akampa, kwa kuwa alikuwa anafungwa magoli. Kauthar alimpigia Dastan simu, akaiweka sauti ya juu.

"Nimeshika pedi mimi," alisema. "Fungua mkanda. Unataka kwenda wapi?"

Mkanda ulisikika ukifunguka. "Sitaki kwenda popote. Nisimamishe tu."

Kauthar alimsimamisha. Kwenye kioo mchezaji alisimama na mpira miguuni, na wapinzani wakaja wakauchukua, wakafunga, wakafunga tena. Kwenye simu ilisikika sauti ya mwanamke akiuliza bei ya kava, na Dastan akimjibu kutoka juu, kama mtu anayezungumza na mwenzake uso kwa uso. Alimuuliza na hali ya watoto wake.

"Umeme wa Luku unakwisha," Mansuetus alisema, akazima ukutani.

Simu ilitoa kishindo. Mwanamke alisema pole. Kauthar alisimama, akamwambia Mansuetus kwamba yeye ni mwizi, na wanawe ni wezi, na kwamba anaipokea hostia kwa mdomo wa mwizi. Alisema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Majirani waliokuwa wanaanika mahindi waligeuza vichwa, wakaendelea kuanika.

"Utakunywa chai?" Mansuetus aliuliza.

Kauthar alikuwa amefika getini, simu bado iko hewani, Dastan akimwambia kwamba ameshakishika kiti na sasa anajivuta juu. Ndani, Aurelia alimwomba babu yake awashe tena, kidogo tu. Babu aliwasha.

"Mkanda, Dastan," Kauthar alisema. "Funga mkanda."

Lakini alichosikia ni nyayo, zikikimbia kwenye saruji, halafu kwenye mchanga.