Bango la Kumtimua Shemeji

Nilikuwa nashona bango la kumtimua kocha, mara kocha mwenyewe akaingia dukani kwangu. Ni mume wa dada yangu. Timu yetu ilikuwa imefungwa mechi sita mfululizo, na damu yangu ilikuwa inachemka.

"Shemeji, nishonee mfuko wa koti," alisema. Kisha akaziona herufi nyekundu: KOCHA, FUNGASHA VIRAGO. Akazipapasa. "Mshono imara huu."

"Usinichekeshe! Kipa anadaka kama anafukuza inzi, na wewe unampanga kila wiki. Umerogwa?"

Akaketi kwenye stuli. "Bega linamuuma. Jumatatu anasaini mkataba mpya. Akikaa benchi Jumamosi, wakubwa watauliza kwa nini, na hawatamsainisha. Ana mapacha wachanga, shemeji. Acha lawama ziniangukie mimi."

"Wakikufukuza je? Dada yangu atakula lawama?"

"Dada yako ndiye aliyeniambia nimsitiri."

Mimi, ambaye hata marefa wananijua kwa mdomo, nikalivuta bango mapajani. Nikachukua wembe, nikaanza kufumua herufi moja baada ya nyingine, huku nikimtukana kimoyomoyo kwa wema wake.

Jumamosi mashabiki wenzangu wakauliza bango liko wapi.

"Cherehani imeharibika."

"Msaliti! Unamlinda shemeji yako!"

Tulifungwa matatu. La tatu lilipompita kipa, uwanja mzima ulimzomea kocha. Nilisimama peke yangu, nikampigia makofi mpaka viganja vikawaka moto.