Ndoo Si ya Maji

Fawaz alikuwa na tabasamu lake maalumu la kuleta maneno ya madam, nami nililichukia tabasamu hilo kabla sijaanza kumchukia yeye mwenyewe. Alikuja nalo asubuhi moja karakanani kwetu Al Qusais, Dubai, akasimama mbali na meza ya maji asije akalowesha viatu.

"Ummulkheir, madam asema ile kanga nyekundu ina kosa. Maandishi yafunikwe."

"Kosa gani?"

"La spelingi. Asema ndoo ni kitu cha kutekea maji. Wageni watacheka."

Nilikuwa nakoroga gundi. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu pale, kupika gundi ya wanga wa ngano na kuichuja mpaka iwe laini. Ukiiacha kidogo tu inashika mabonge, na siku hiyo niliiacha.

Ile "kanga nyekundu" ilikuwa leso ya mama yangu, na chini ya mji wake, ile sehemu ya katikati, imeandikwa NDOO UNAMBIE MWENYEWE. Kwetu Mombasa ndoo ni njoo. Njia twaiita ndia, na njaa twaiita ndaa. Mama aliinunua mwaka alioachwa na baba, wakati Kibokoni nzima ilikuwa ikimjadili barazani kama kwamba wao ndio waliompa ile talaka. Hakumjibu mtu. Alijifunga leso yake akaenda kununua samaki, akapita polepole mbele ya kila mlango, na kila mwenye macho akasoma mgongoni mwake: njoo uniambie mwenyewe. Hakuna aliyekuja. Walikuwa hodari wa kusema akishapita.

Leso huuzwa mbili mbili. Moja ilimsitiri mama siku alipooshwa kwa mara ya mwisho. Ya pili nilikuja nayo Dubai ndani ya sanduku, na sikuwa na kitu kingine cha mama.

Basi niliitoaje? Niliombwa. Madam Rukiya, mwenye karakana, ni mwenyeji wa hapa, lakini familia yake ilitoka Unguja na nyumbani kwao Kiswahili ndicho kinachosemwa. Alitaka maonyesho ya kanga za zamani hotelini, zitundikwe kwa ufundi wa Kijapani. Kitambaa kinabandikwa karatasi laini kwa nyuma, kinazungushiwa hariri, kinatiwa mti juu na mti chini, kisha unaweza kukikunja ukakihifadhi kama mkeka. Akamleta fundi kutoka Kyoto, Bwana Okabe. Halafu akamtuma Fawaz kwetu sisi wa pwani: mwenye kanga ya zamani ailete, itarudishwa, na jina la mwenyewe litaandikwa pembeni.

Akamtuma Fawaz. Hilo lishike. Tangu nianze kazi pale madam hakuwahi kuniambia neno hata moja. Alipita mezani kwangu akizungumza na mama yake kwenye simu, Kiswahili kitamu cha Kiunguja, akicheka, kisha akakata simu na kumwambia Fawaz kwa Kiingereza aniambie nifute maji sakafuni. Mimi niko hapo hapo, nasikia lugha zote mbili. Ningekuwa sijui Kiswahili wala Kiingereza ningeona ni shida ya lugha. Haikuwa lugha. Ilikuwa dharau, na nilikuwa naimeza kila siku pamoja na chai.

"Na wewe," nikamwambia Fawaz, "mwana wa Majengo ya Mombasa, ndoo huijui? Mamako alikuwa akikuita vipi ukale?"

Akatazama viatu vyake. "Naijua."

"Hukumwambia?"

"Mimi kazi yangu kupeleka maneno, dada. Si kurudisha."

"Basi leo rudisha. Mwambie si kosa, ni Kimvita. Mwambie nataka kumuona."

Alirudi mchana. "Asema ana kazi nyingi. Khalas, ifunikwe."

Bwana Okabe aliniuliza maneno yale yana maana gani. Nikamfasiria. Aliitazama leso muda mrefu, mikono nyuma, uso umekunjamana kama kawaida yake. "Maneno mazuri," akasema. Kisha akakata utepe wa hariri ya dhahabu akaupaka gundi yangu, akaubandika juu ya maneno ya mama yangu, akaupigapiga kwa burashi mpaka ukakaa. Siku hiyo nilimchukia na yeye. Sikuona ana tofauti gani na Fawaz, ila burashi.

"Maji," akaniambia, bila kugeuka. Alikuwa akituambia hivyo kila siku mpaka tukachoka. Kwao gundi hupikwa nyepesi makusudi, kwa sababu iko siku mtu mwingine atataka kuifungua kazi yako aitengeneze upya, na maji tu yanatosha kuibandua. "Kila kitu tunachobandika, maji yanakitoa."

Siku ya maonyesho walitupeleka hotelini Deira kwa basi la karakana, njia nzima imefukuliwa kwa ajili ya reli mpya. Tukatundika, tukaambiwa tusimame nyuma karibu na pazia, tuwe tayari kama kitu kitateleza.

Leso ya mama ilitundikwa katikati, ikitazamana na mlango. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Hariri ya kijivu imeizunguka, pindo limenyooka, wekundu wake umetulia kama siku ilipotoka dukani. Na uzuri huo ulinikera zaidi, maana alikuwa mama yangu yule pale, amepambwa, amezibwa mdomo.

Nikasogea kutafuta jina lake pembeni. Kadi ilisema: Kanga ya Bibi Zuwena binti Sultan, Zanzibar. Mkusanyo wa familia.

Nikarudia kusoma, labda macho. Zuwena alikuwa bibi yake madam. Walikuwa wamemfunika mama yangu maneno yake, kisha wakamvua na jina. Maneno yale si yalikuwa yakiwaumbua! Mzanzibari gani ana kanga inayosema ndoo? Hapo ndipo nilipojua kwamba spelingi haikuwahi kuwa shida.

Mhudumu mmoja wa hoteli, Metrine, msichana wa Bungoma niliyefahamiana naye kidogo, alikuwa akipita na sinia la vile vitaulo vya moto wanavyopewa wageni wafute mikono. Nikachukua kimoja, nikachukua na cha pili.

"Aki dada, hizo ni za wageni."

"Na mimi ni mgeni," nikasema.

Nikavuta kiti, nikakipanda, nikakandamiza taulo juu ya ule utepe wa dhahabu.

Gundi haina haraka. Ungependa ukiwa na hasira uchane kitu kwa mkupuo mmoja, lakini ukivuta kabla haijalainika unaichana leso. Kwa hiyo nilisimama pale juu ya kiti, taulo mkononi, mbele ya watu waliovaa vizuri, nikisubiri. Mazungumzo yakafifia meza kwa meza. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kufikiria viza yangu na pasipoti iliyokaa kabatini kwa kafeel, mdhamini wangu, na bado sikushuka.

Fawaz akafika, safari hii bila tabasamu. "Madam asema shuka."

"Nimesikia."

Nikabadilisha taulo. Akaenda, akarudi.

"Madam asema ukiendelea, kazi hakuna. Na viza itafutwa. Shuka, Ummu, tafadhali. Hiyo tafadhali ni yangu."

Nikashika ncha ya utepe kwa kucha nikauvuta, taratibu, kama tulivyofundishwa. Ulikuja wote, mzima, haukung'oa hata uzi mmoja. Chini yake maneno yalikuwa yamelowa na yamekoza, yakawa meusi kuliko nilivyowahi kuyaona.

Kwenye meza ya mbele alikuwa amekaa mama yake madam, bibi kizee wa kiti cha magurudumu, ambaye kila mtu alikuwa akimbusu kichwa. Alivuta miwani yake akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama anavyosoma mtu aliyejifunza ukubwani.

"Ndoo unambie mwenyewe." Akashusha miwani. "Hii ya Mombasa hii. Rukiya, mama yangu hakuwa na kanga hii."

Madam alikuwa upande wa pili wa ukumbi. Alimwinamia Fawaz akamnong'oneza, na Fawaz akaanza tena kuja. Nikamzuia kwa mkono kabla hajafungua kinywa.

"Mwambie asome. Imeandikwa."

Fawaz alisimama katikati ya ukumbi, baina yetu. Nilidhani ataendelea kunijia. Akageuka, akamtazama madam, akamwonyesha leso kwa kidole, halafu akajiondoa njiani.

Basi madam akaja mwenyewe. Nilisikia kila hatua ya viatu vyake juu ya ile sakafu ya marumaru. Alifika mbele ya kiti changu, akainua uso kunitazama, na nikagundua kwamba sikuwahi kumwona macho yake.

"Ummulkheir," akasema. Kumbe jina langu analijua. "Umenifedhehesha mbele ya mama yangu."

"Na weye mbele ya wangu."

Nadhani kulikuwa na jambo alilotaka kusema, lakini hakuwa na mazoezi ya kuniambia kitu. "Kazi yako imekwisha," akasema hatimaye, kwa Kiswahili.

"Haya. Sasa nimeambiwa."

Nikaitungua leso kwenye ndoano yake. Nilianza kuikunja kutoka chini, kwa ule mti, na sauti ikatoka nyuma ya pazia, kali. "Wewe! Imelowa. Haikunjwi." Bwana Okabe alikuja akininung'unikia kana kwamba tuko karakanani. Akaushika ule mti wa chini, akaniachia wa juu. Hakumwangalia madam, na madam hakumzuia, kwa sababu angelazimika kumwambia yeye mwenyewe.

Kwa hiyo tuliibeba wazi, imetandazika kati yetu, maneno nje. Tukapita mbele ya bibi kizee, mbele ya Fawaz, mbele ya Metrine na sinia lake, mpaka mapokezi walikojaa watalii wasiojua kusoma hata herufi moja ya mama yangu. Bwana Okabe alikuwa akitaka tuharakishe. Mimi nilikwenda polepole, mwendo wa mama akienda kununua samaki.