Vikaragosi vya Mkono wa Kushoto

Jumatatu mwalimu wa chekechea aliwaambia watoto kwamba kesho yake kila mmoja alete kitu cha kuvaa ambacho mwenzake amepotea. Alikuwa anafikiria soksi. Popote watu wanapofua nguo soksi moja hupotea na nyingine hubaki, na ile iliyobaki ukiijaza vitambaa na kuibandika macho inakuwa kikaragosi kizuri, mtoto wa miaka mitano anakimudu. Lakini mwalimu alikuwa mgeni. Alikuwa na wiki tatu tu kwenye mtaa ule ulioegemea ukuta wa kiwanda cha mifuniko ya makopo, na alikuwa hajajua ni kitu gani kinachopoteza mwenzake huko. Jumanne asubuhi watoto kumi na tisa waliweka mezani glavu kumi na tisa za kazi, za turubai nene, zote za mkono wa kushoto.

Soksi haikuwepo hata moja.

Utaratibu wa kiwanda ulikuwa hivi. Mashine ilipokula mkono, glavu ya mkono huo ilibaki kwa msimamizi, naye aliichoma siku hiyohiyo. Glavu ya pili haikuwa na kazi tena, kwa hiyo mwenyewe aliruhusiwa kwenda nayo nyumbani, na nyumbani ilitumika kuepulia sufuria. Mashine zilikula mkono wa kulia kwa sababu ndio unaoingiza bati na kutoa mfuniko. Zamani kila mashine ilikuwa na wavu wa chuma wa kuzuia mkono usifike chini ya chuma kinachoshuka. Ukiwa na wavu unatoa mifuniko sita kwa dakika, bila wavu kumi na mmoja. Nyavu zikaondolewa kwa muda. Huo muda ulikuwa sasa unaingia mwaka wa nne.

Mwalimu alizitazama glavu, akaona hazina ubaya, akawasha jiko. Alipika gundi: kikombe kimoja cha unga wa ngano, viwili vya maji, na kijiko cha chumvi ili isiote ukungu. Nje glavu zilikuwa nyeusi kwa grisi isiyotoka kwa sabuni wala kwa magadi, basi akawaonyesha watoto jinsi ya kuzigeuza, ndani iwe nje. Glavu ya kushoto ukiigeuza hivyo inakuwa ya kulia. Hakuna aliyelifikiria hilo. Watoto walizijaza vipande vya masweta makuukuu, wakabandika macho ya vifuniko vya soda na pua za trei ya mayai, na mwalimu akazishona kwenye kifundo kwa sababu sindano si ya mtoto. Kisha wakavitundika vikaragosi kwenye kamba ya dirishani, kila kimoja na kibanio chake, vikauke.

Jumatano vilikuwa vimekauka na vidole vilikuwa vinacheza.

Havikucheza vyote. Kikaragosi cha mtoto aliyeitwa Kishungi, kwa ajili ya nywele zake zilizofungwa utosini, kilichezesha kidole cha shahada, cha kati na cha pete. Dole gumba na kidole cha mwisho vilining'inia kama matambara, maana ndivyo vilivyokuwa. Cha jirani yake kilichezesha kidole kimoja. Cha mtoto aliyeleta glavu ya bibi yake, ambaye alikuwa anafagia chini ya mashine, kilichezesha vinne. Vidole vilishika kitu kisichoonekana, vikasukuma, vikarudi, mara kumi na moja kwa dakika, sawasawa na mngurumo uliokuwa unatoka nyuma ya ukuta. Mwalimu alivihamishia mbali na jiko. Watoto wakaimba wimbo wa kuhesabu, na siku hiyo hesabu ilikwenda vizuri kuliko siku zote.

Mchana baba yake Kishungi alikuja kumchukua bintiye. Alikuwa mtu wa utani. Wanaume wa mtaa ule waliposalimiana, mmoja alisema nipe tano, na yeye alijibu chukua mbili, nyingine zimebaki kazini. Alikitazama kikaragosi kwa muda, akainua mkono wake wa kulia wenye dole gumba na kidole cha mwisho, akauweka kando yake. Vilikamilishana.

"Kidole cha shahada kinaniwasha," alisema. "Mwaka na nusu kinaniwasha, na sina pa kukuna."

Kishungi akakuna kidole cha kikaragosi kwa kucha.

"Chini kidogo, mwanangu. Hapo. Hapohapo."

Alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu, macho ameyafumba, mpaka watoto wengine wote walipochukuliwa. Halafu akamweleza mwalimu jambo lililokuwa linamkosesha usingizi, na halikuwa vidole vyake. Mdogo wake, baba mdogo wa Kishungi, kijana aliyejifunza kupiga gitaa kwa kusikiliza tu, alikuwa amepata kazi. Jumatatu angeanza kwenye mashine namba nne, ileile iliyokula vidole vya kaka yake. Kaka mtu alikuwa amekwenda ofisini mara saba kuomba wavu urudishwe kwenye ile mashine moja tu. Kila safari walimtolea karatasi ya daktari wa kiwanda, na karatasi ilisema kwamba hakuna kidole kilichowahi kupotea kiwandani, mtu huyu alizaliwa hivyo. Mtaani kulikuwa na karatasi kumi na tisa za namna hiyo, zote zikisema alizaliwa hivyo, na moja ya bibi wa miaka sitini na mbili. Kwa kuwa hapakupotea kidole, wavu ulikuwa wa nini?

Mwalimu alisema Ijumaa ni siku ya wazazi kutazama kazi za watoto, na kwamba atamwalika meneja.

Meneja alikuja pamoja na msimamizi. Alikuwa mtu mwenye adabu, alifuta viatu mlangoni na kuwaamkia wazee kabla hawajamwona. Wazazi walikaa kwenye viti vidogo. Mwalimu alikuwa ametandaza karatasi mezani, akaweka penseli za rangi, akavilaza vikaragosi. Alikuwa na mpango wa kuwaonyesha wazazi jinsi mtoto anavyoweza kupaka rangi kwa kutumia kikaragosi. Lakini watoto hawakupata nafasi. Vidole vilivyokuwa viwili au zaidi vilishika penseli, vile vya peke yake vikachovya kwenye rangi, na vyote vikachora kitu kimoja: mashine, na mahali pa wavu pakiwa patupu. Kisha vikachora wavu wenyewe mahali ulipokuwa. Ulikuwa ofisini kwa meneja, umelazwa juu ya matofali manne, na juu yake vyungu vitatu vya maua. Mpaka paka wa ofisi alikuwemo.

Ukutani mngurumo uliendelea. Baba yake Kishungi aliinuka kutoka kwenye kile kiti, polepole, akasema bila kupandisha sauti, "Bwana meneja, hivi ni vidole vya nani?"

Meneja alivaa miwani. Aliinamia meza, akageuza kikaragosi kimoja, akapima kasi yake kwa saa ya mkononi.

"Ni vya kwetu," alisema. "Sina sababu ya kukataa. Ile ni kazi ya kiwandani kwetu kabisa."

Mama mmoja alianza kulia. Bibi mfagiaji alisema taratibu, alhamdulilahi. Baba yake Kishungi alimpa mkono meneja, ule wa vidole viwili, na meneja akaupokea kwa mikono yake yote miwili, akautikisa vizuri. Kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, jambo lilikuwa limekwisha.

Halafu meneja akaendelea. Alisema amefurahi kwamba leo wote wamekubaliana. Kitu kilichopotea ndani ya saa za kazi ni mali ya kazi, na yeyote mwenye haki atakubali kwamba kikipatikana kirudi kilipopotelea. Aliwashukuru watoto kwa kuvitunza. Msimamizi alikuwa amekuja na boksi. Alivipanga humo kumi na tisa, kwa uangalifu, akiweka karatasi katikati visikwaruzane macho. Watoto waliambiwa waage. Kishungi alikuna kile kidole mara ya mwisho na baba yake, aliyesimama upande wa pili wa chumba, akafumba macho.

Baba hakuwa na utani siku ile. Alimfuata meneja mpaka mlangoni.

"Na wavu?"

"Wavu wa nini tena?" alisema meneja. "Vikaragosi havina damu, ndugu yangu."

Jumatatu vikaragosi vilifungwa kwenye mashine kwa skrubu. Vilifanya kazi vizuri sana. Havikuomba maji, havikuomba kwenda msalani, na kwa miezi iliyofuata kiwanda kilitoa mifuniko kumi na mitatu kwa dakika. Tatizo lilikuwa moja dogo: vilikuwa na vile vidole tu vilivyopotea. Mahali palipohitaji dole gumba pakapungua dole gumba. Kwa hiyo pembeni ya kila kikaragosi alisimamishwa mtu wa kujazia, mwenye kuingiza mkono wake kwenye upungufu na kuutoa haraka. Namba nne alisimama baba mdogo. Alisema vidole vya kaka yake vilimpokea vizuri, na mara mbili vilimsukuma nyuma chuma kilipokuwa kinashuka, mpaka msimamizi akaviona, akavikaza skrubu zaidi.

Ofisini vyungu vya maua viliongezeka vikawa vitano.

Chekechea masomo yaliendelea. Mwalimu sasa alikuwa si mgeni tena, na alichagua kazi kwa hadhari. Walitengeneza magari ya boksi za viberiti. Walitengeneza ngoma za makopo, lakini makopo yale yalikuwa na mifuniko, akayarudisha. Mwezi wa tano, baada ya kufikiri sana, aliwaambia watoto walete chochote kile ambacho nyumbani hakina kazi tena.

Asubuhi Kishungi alikuwa wa kwanza kufika. Aliweka mezani glavu ya kushoto. Ilikuwa ya jozi mpya iliyotolewa kiwandani wiki ile, turubai lake jeupe, na bado ina harufu ya duka.

"Ya baba mdogo," alisema. "Gitaa ameniambia niliache kwanza."

Mwalimu alipima kikombe kimoja cha unga, viwili vya maji, na kijiko cha chumvi. Safari hii glavu haikuwa na grisi, haikuhitaji kugeuzwa. Aliigeuza, ikawa ya kulia.