Lile Ambalo Wazee Hawakulitaja

Mzungu wa Leta, yaani serikali ya Wabelgiji, alipowataka wazee wa Kasongo wataje haki zetu zote ziandikwe, walikaa barazani wiki nzima wakigombana. Walitaja mbuzi wa mahari, mipaka ya mashamba, nani anamrithi nani. Walitaja yale yaliyowahi kuleta ugomvi. Yasiyowahi kumgombanisha mtu, nani angeyakumbuka? Karani aliandika, kitabu kikafungwa, mzungu akatangaza kwamba korti itahukumu kwa kitabu hicho tu. Tukapiga makofi. Wajinga sisi!

Aliyeumia ni mdogo wangu Marcelline. Mumewe Placide alikuwa akichimba dhahabu upande wa Kabambare. Huko kambini akapata mwanamke mwingine, akamrudisha Marcelline kwetu na mtoto mgongoni, Heri, ambaye hata kutembea alikuwa bado. Hatukulalamika sana. Halafu kambi ikaanza kuwapa wafanyakazi posho ya unga na samaki wa chumvi kwa kila mtoto, na Placide akakumbuka kuwa ana mwana. Mapenzi ya baba hayo! Akaja kumdai kortini.

Karani akasoma: mtoto ni wa baba aliyetoa mahari.

"Lakini mutoto angali ananyonya!" Marcelline alisema. "Wazee, munajua!"

Mzee Abedi, mmoja wa waamuzi, alisimama. "Ni kweli, Bwana. Tangu babu zetu, mutoto anabakia kwa mama mupaka aache kunyonya maziba."

"Iko ku kitabu?" mzungu akauliza.

"Hapana, Bwana. Hatukusema, sababu hakuna mutu aliyewahi kuvunja ile."

"Kama haiko ku kitabu, haiko."

Heri alikuwa ameshika kitenge cha mama yake. Polisi alimfumbua vidole kimoja kimoja, akamkabidhi kwa Placide.

Nyumbani maziwa ya Marcelline yaliendelea kuja. Nguo ililoa kifuani, naye akawa anakwenda kuyakamua majanini nyuma ya nyumba huku akilia.

"Yaya, unazani anakula nini?" aliniuliza mimi mkubwa wake.

Nikamwambia uji. Nilimchukia Placide, nikawachukia wazee, na yule mzungu sina hata neno la kumwita.

Kabla mvua hazijaisha, habari ikatufikia: Heri aliharisha, amekufa, wameshamzika kambini. Wazee wakaona haya. Walikwenda kwa mzungu, na karani akaongeza kitabuni kwamba mtoto anayenyonya asitenganishwe na mama yake. Mzee Abedi alikuja mwenyewe kutuambia, akitabasamu kama mtu aliyeleta zawadi.

Tulitembea mpaka kambini ili akae kidogo kwenye kaburi la mwanawe. Mlinzi wa kizuizi cha njiani alitusikiliza, tena kwa upole. Akasema makaburi yako ndani, na ndani wanaingia watu wa kambi tu.

"Mimi ni mama yake," Marcelline alisema.

"Iko karatasi inasema mama anaweza kuingia?"

Hatukuwa nayo. Nani angewaza kuiomba? Marcelline aliketi chini palepale, nje ya kizuizi.

"Basi unionyeshe tu, baba. Makaburi iko upande gani?"

Mlinzi alitazama nyuma yake kwanza.

"Hata ile sina ruhusa ya kusema, mama."

Mdogo wangu akalia bila kujua ageukie wapi.